.223, 6.5 Creedmoor, .308 au .300 Win Mag: ipi inalenga vizuri na ipi nafuu kujaza upya?

Tundu_Moja aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Nataka kuchagua kaliba moja ya bunduki ya bolti kwa ajili ya shabaha za karatasi na za chuma. Sehemu kubwa ya ufyatuaji itakuwa mita 100 hadi 600, mara chache mita 900. Hakuna uwindaji. Leseni na kibali cha kujaza risasi upya vipo, kwa hiyo tusirudi huko.

Nimesoma mengi na yanapingana. Mmoja anasema .223 ni ya kuchezea tu, mwingine anasema .308 imepitwa na wakati, wa tatu anaapa kwamba bila .300 Win Mag hufiki mita 900. Kwenye gharama, kila mtu anahesabu baruti na kichwa (kipande kinachoruka) basi, kisha anatangaza bei. Naomba mwenye hesabu kamili anisaidie haya:

1. Kwa usahihi peke yake, tofauti iko kwenye kaliba yenyewe au kwenye mambo mengine?
2. Gharama halisi ya kila mlio ni ipi ukijumlisha ganda na kuchakaa kwa mtutu?
3. Maganda ya jeshi ya 7.62x51 yanauzwa rahisi. Yanafaa kwa .308, au ni hasara iliyojificha?

---

MzaniWaGreni alijibu:

Mkuu, naanza na swali la pili.

Gharama ya mlio mmoja ina vipande vitano: kichwa, baruti, fataki (kiwashio kinachokaa kitakoni mwa ganda), sehemu ya bei ya ganda (bei yake ugawe kwa idadi ya mara utakazolijaza), na sehemu ya bei ya mtutu (bei ya mtutu pamoja na ufundi wa kuufunga, ugawe kwa idadi ya milio kabla haujapoteza shabaha). Wengi huacha viwili vya mwisho, na huko ndiko kaliba zinakoachana.

Baruti ni rahisi kuhesabu. Kilo moja ina greni 15,432. Viwango vya kawaida, kwa makisio ya bajeti tu na si vya kujazia (vya kujazia vinatoka kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti hiyo hiyo na kichwa hicho hicho), ni hivi:

- .223 Remington: karibu greni 24.5, milio 630 kwa kilo
- 6.5 Creedmoor: karibu greni 41.5, milio 370
- .308 Winchester: karibu greni 43, milio 359
- .300 Winchester Magnum: karibu greni 73, milio 211

Sasa mtutu. Kinachoula ni moto wa baruti kwenye koo, pale mifereji inapoanzia mbele ya chemba (chumba risasi inamokaa). Njia nzuri ya kulinganisha ni kugawa uzito wa baruti kwa eneo la tundu la mtutu. Ukifanya hivyo kwa vipenyo vya vichwa unapata takriban miligramu 58 kwa kila milimita ya mraba kwa .308, 62 kwa .223, 76 kwa 6.5 Creedmoor, na 98 kwa .300 Win Mag. Ongeza .243 Winchester hapo, inakuja karibu 87, na ndiyo maana mitutu yake hufa mapema ingawa risasi yenyewe inaonekana ya upole. Mpangilio huo unafuatana na maisha ya mitutu yanayojulikana kwa wafyatuaji wa shabaha: .308 na .223 hupita milio 5,000 zikitunzwa, 6.5 Creedmoor ni 2,000 hadi 3,000, .300 Win Mag karibu 1,500.

Kwa kuwa bei zinatofautiana kila mahali, tumia bei ya fataki moja kama kipimo. Tuseme fataki = 1, gramu ya baruti = 1.2, ganda zuri = 14, mtutu mpya ukishafungwa = 8,000. Kichwa cha shabaha ni 5 kwa .223, 6 kwa 6.5 na .308, 7 kwa .300. Ganda lijazwe mara 10, isipokuwa la .300 mara 5. Jumla kwa mlio:

- .223: 5 + 1.9 + 1 + 1.4 + 1.6 = 10.9
- .308: 6 + 3.3 + 1 + 1.4 + 1.6 = 13.3
- 6.5 Creedmoor: 6 + 3.2 + 1 + 1.4 + 3.2 = 14.8
- .300 Win Mag: 7 + 5.7 + 1 + 2.8 + 5.3 = 21.8

Weka bei zako, tarakimu zitabadilika, ila mpangilio kwa kawaida haugeuki. Angalia mambo mawili. Kichwa ndicho kinachokula fungu kubwa kwenye kaliba zote, kwa hiyo anayehangaika kutafuta baruti ya bei ya chini huku ananunua vichwa kwa boksi la mia moja moja anaokoa mahali pasipo na kitu. Nunua vichwa kwa wingi, vya toleo moja. Pili, 6.5 na .308 zinatofautiana kwa sababu ya mtutu peke yake. Ukiondoa mtutu ziko karibu sawa.

Vifaa (mashine ya kujazia, mzani, kalipa, kalibu za kubana na za kupachika kichwa, kikata urefu wa ganda) ni gharama ile ile kwa kaliba yoyote, sikuvitia kwenye hesabu. Usipunguze kwenye mzani. Mzani unaoyumba greni 0.2 ni hasara kubwa zaidi kwenye .223, kwa sababu greni 0.2 kati ya 24 ni karibu asilimia moja, wakati kwenye .300 haifiki theluthi ya asilimia.

---

Upepo_wa_Ubavuni alijibu:

Hesabu ya MzaniWaGreni nimeikubali yote. Mimi nalichukua swali la kwanza.

Kaliba yenyewe inachangia kidogo sana kwenye ukubwa wa kundi la matundu mita 100. Mtutu mzuri uliofungwa na fundi anayejua, kichwa cha shabaha, na ganda lililotayarishwa sawasawa vitakupa nusu dakika ya pembe kwa .223, kwa 6.5 na kwa .308. Dakika moja ya pembe ni milimita 29 kwa mita 100, kwa hiyo nusu yake ni kama milimita 15. Zipo kaliba zilizobuniwa kwa ajili ya usahihi tu, kama 6 PPC ya Lou Palmisano na Ferris Pindell ya miaka ya 1970, yenye ganda fupi nene na fataki ndogo, na kwenye mashindano ya kufyatulia juu ya meza inatawala mpaka leo. Hata hivyo sehemu kubwa ya sifa yake inatokana na bunduki na maandalizi yanayoandamana nayo.

Kaliba inaanza kusema kitu kwenye mambo mawili: upepo na teke.

Upepo kwanza. Chukua upepo wa mita 4.5 kwa sekunde kutoka ubavuni kabisa, shabaha mita 600:

- .223, kichwa cha greni 77, karibu mita 835 kwa sekunde: kinasukumwa kama sentimita 115
- .308, greni 175, karibu 790: kama sentimita 85
- 6.5 Creedmoor, greni 140, karibu 820: kama sentimita 60
- .300 Win Mag, greni 200, karibu 870: karibu sawa na 6.5

Ni makisio, yanabadilika na mwinuko wa mahali na joto la hewa, lakini uwiano unabaki. Maana yake ni hii: ukikosea kusoma upepo kwa robo, na kila mtu hukosea kwa robo, .223 inakutupa sentimita 29 kando, 6.5 inakutupa 15. Kwa sahani ya chuma ya sentimita 40 hiyo ni kupiga na kukosa.

Kinachoifanya 6.5 iende hivyo si kasi. Ni kichwa kirefu chembamba kinachokata hewa bila kupoteza mwendo. Hornady walipoitoa mwaka 2007 walilifanya ganda kuwa fupi lenye bega la pembe kali, na chemba yenye koo refu kiasi, ili kichwa hicho kirefu kikae bila kuingia ndani ya nafasi ya baruti na bado risasi iingie kwenye magazini. .308 ya mwaka 1952 ilibuniwa kwa vichwa vifupi zaidi, na hapo ndipo inapoachwa.

Teke sasa. Kwenye bunduki ya kilo 5 isiyo na breki ya mdomo, hesabu ya msukumo inatoa takriban jouli 4 kwa .223, 12 kwa 6.5, 15 kwa .308, na zaidi ya 30 kwa .300 Win Mag. Teke la jouli 30 linamfanya mtu afumbe jicho na kukaza bega kabla ya mlio, na kundi linafunguka bila yeye kujua sababu. Kwa .300 ni watu wachache wanaofyatua milio 60 kwa kikao kimoja huku wakibaki watulivu kama mlio wa kwanza. Kwa mita 900 .300 inakupa upepo ule ule wa 6.5 kwa teke karibu mara tatu na gharama mara moja na nusu. Kwa karatasi na chuma, iache.

Onyo kwa atakayechukua .308 ya kufika mita 900: angalia kichwa. Sierra MatchKing ya greni 168, maarufu kwa mita 300, ina mkia wa pembe ya nyuzi 13, na ikishuka kukaribia kasi ya sauti huyumba, matundu yanaanza kuonekana ya ubavu kwenye karatasi. Ile ya greni 175 ina mkia wa nyuzi 9 na inapita pale kwa utulivu. Na kwenye .223 hakikisha msokoto wa mtutu: kichwa cha greni 77 kinataka mzunguko mmoja kwa kila inchi 8 au pungufu. Mtutu wa 1 kwa 12 umetengenezwa kwa vichwa vya greni 55. Ukiupa 77 vinapinduka hewani hata kabla ya mita 100. Vya greni 80 na kuendelea, kwa kawaida havitoshei kwenye magazini, unaingiza moja moja.

---

GandaShaba alijibu:

Swali la tatu limebaki, na ni langu. Maganda ya jeshi yanaweza kufaa, lakini chunguza mambo manne kabla ya kulipa.

Aina ya fataki. Chungulia ndani ya ganda kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati, ni mfumo wa Boxer, unajazika. Ukiona vitundu viwili vidogo kando, na katikati kuna kinundu, ni Berdan: fuawe ya fataki ni sehemu ya ganda lenyewe. Pini ya kutolea fataki itavunjika au itatoboa kitako. Achana nayo. Maganda ya chuma pia acha, hayabaniki vizuri na yanakwaruza kalibu.

Fataki iliyofinywa. Jeshi hufinya ukingo wa tundu la fataki ili isitoke kwenye bunduki za rashasha. Ukilazimisha fataki mpya bila kuondoa ukingo huo, inaingia upande au inapondeka. Ukingo unasukumwa kwa kifaa cha kupanulia au unakatwa kwa kikatio cha tundu, mara moja tu kwa maisha ya ganda. Usikate kupita kiasi. Tundu likilegea fataki inavuja moto na kula uso wa bolti.

Unene. Ganda la jeshi la 7.62x51 kwa kawaida ni zito kuliko la kiraia la .308, na shaba iliyozidi iko ndani, kwa hiyo nafasi ya baruti ni ndogo. Kiwango kile kile cha baruti kinatoa shinikizo kubwa zaidi. Mwenye kiwango alichokizoea kwenye maganda ya kiraia asikihamishe. Aanze upya kutoka chini ya jedwali. Na usichanganye maganda ya viwanda tofauti kwenye boksi moja ukitaka milio ya kasi sawa.

Yalifyatuliwa wapi. Yaliyotoka kwenye rashasha yamevutika karibu na kitako, kwa sababu chemba zake ni pana. Unaweza kuyabana yakaingia kwenye chemba yako, lakini shaba imeshakuwa nyembamba ndani. Kunja waya mwembamba ncha iwe ndoano, uingize, ukwaruze ukuta wa ndani kutoka kitakoni kwenda juu. Ukihisi mfereji juu kidogo ya kitako, ganda hilo litakatika vipande viwili siku yoyote. Kwa nje dalili ni mstari unaong'aa unaozunguka ganda mahali hapo hapo.

Ukihesabu muda wa kuchambua, kukata ukingo na kupima uzito, na ukijua kwamba kundi zima litabaki na tofauti kubwa ya ujazo, basi kwa shabaha ya mita 600 nunua maganda 200 ya kiraia ya toleo moja. Ya jeshi yaweke kwa mazoezi ya mita 100.

Kuhusu maisha ya ganda: hizo mara 10 za MzaniWaGreni zinategemea jinsi unavyobana. Kinachoua maganda mengi ni kalibu iliyoskurubiwa hadi chini kabisa kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Inarudisha bega nyuma kupita kiasi, ganda linafyatuliwa, linavutika mbele kujaza chemba, unalirudisha tena, na kila mzunguko shaba inapungua pale juu ya kitako. Pima umbali wa kitako hadi bega la ganda lililofyatuliwa kwenye bunduki yako, kwa kifaa cha kupimia kinachofungwa kwenye kalipa. Kisha rekebisha kalibu irudishe bega milimita 0.03 hadi 0.05 tu. Bolti ikifunga bila kukwama, hapo panatosha. Kwa njia hiyo ganda la 6.5 au .308 linapita mara 10, na kitakachokufa kwanza ni tundu la fataki kulegea au shingo kupasuka.

Shingo hupasuka kwa sababu shaba inakuwa ngumu kila inapobanwa na kupanuka. Dawa ni kulainisha kwa moto kila baada ya mara tatu hadi tano: mwali kwenye shingo na bega kwa sekunde chache, ganda likizungushwa, lisifike kuiva wekundu. Moto usishuke kitakoni kabisa. Kitako kikilainika hakiwezi tena kuzuia shinikizo la risasi ya bunduki, na hapo unazungumzia jicho au mkono wa mtu.

Kwenye 6.5 Creedmoor kuna faida moja: Lapua wanatengeneza ganda lake lenye tundu la fataki ndogo. Kitako chake kina shaba nyingi zaidi kuzunguka fataki, na kwa kawaida tundu hilo halilegei upesi. Hakikisha tu pini ya kalibu yako ni nyembamba ya kutosha kwa tundu la moto, maana ni dogo pia.

---

Tundu_Moja aliuliza tena:

Asanteni sana wakuu. Kwa hiyo upande wa upepo 6.5, upande wa mtutu .308, upande wa bei .223. Bado kuna jambo: nitajuaje kwamba mchanganyiko fulani wa baruti na kichwa ni bora kuliko mwingine? Wengi wanaonyesha picha ya matundu matatu yaliyogusana na kusema "hii ndiyo." Na je, kuna sababu ya kufikiria 6mm BR badala ya hizi?

---

Rejista_ya_Mlio alijibu:

Matundu matatu hayasemi lolote la kutegemea, mkuu. Bunduki ile ile, risasi zile zile, wastani wa upana wa kundi unakua kadiri unavyoongeza milio. Ukichukua mtawanyiko wa msingi kuwa 1, kundi la milio mitatu wastani wake ni 2.41, la mitano 3.07, la kumi 3.81. Maana yake mtu mwenye kundi la matatu la milimita 15 anamiliki bunduki ya milimita 24 kwa kumi, bila kitu chochote kubadilika. Na matatu hayo yanayumba sana kutoka kundi hadi kundi, kwa hiyo ukipiga makundi manane ya viwango vinane tofauti, mojawapo litatokea dogo kwa bahati tupu. Watu hulichagua hilo, wanajaza risasi mia, halafu wanashangaa.

Fanya hivi. Anza chini ya jedwali, panda kwa hatua ya greni 0.3 kwa .308 au 6.5, greni 0.2 kwa .223, mlio mmoja kila hatua, ukitafuta dalili za shinikizo peke yake: bolti nzito kuinuka, alama ya kitoa ganda kwenye kitako, fataki iliyosambaa hadi ukingo wa tundu lake umepotea. Ukiona dalili, simama hapo hapo na urudi chini hatua mbili, hata kama jedwali linaruhusu zaidi. Viwango vikubwa vilivyobaki usivifyatue. King'oe kila kichwa. Kumbuka baruti nyingi huongeza shinikizo kwenye joto, kwa hiyo kiwango kilichokuwa salama asubuhi ya baridi kinaweza kukaza bolti mchana wa jua kali.

Kisha chagua viwango viwili vilivyo chini ya dari hiyo, jaza risasi 20 kwa kila kimoja, fyatua makundi mawili ya kumi kumi kwa kila kimoja, na kronografu (kipima kasi ya risasi) ikiwepo. Angalia ukubwa wa makundi na tofauti ya kasi kwa pamoja. Mita 100 tofauti ya kasi haionekani. Mita 900, kwa 6.5, tofauti ya mita 3 kwa sekunde inashusha au kupandisha tundu kama sentimita 7. Risasi zenye mtawanyiko wa mita 12 kwa sekunde kutoka ya chini hadi ya juu zitakupa mstari wa wima wa sentimita 28 hata kama kundi la mita 100 lilikuwa zuri mno.

Kasi ikiyumba, kagua kwa mpangilio huu, maana ndivyo sababu zinavyofuatana mara nyingi:

Uzito wa baruti. Baruti ya punje za mviringo inapita vizuri kwenye kipimio cha ujazo, inayumba greni 0.1 hivi, ya vijiti virefu inakatwakatwa na kuyumba 0.2 hadi 0.3. Ya vijiti pima kila moja kwenye mzani.

Mbano wa shingo. Shingo ikishika kichwa kwa milimita 0.05 ndogo kuliko kipenyo chake, inatosha. Maganda yaliyolainishwa na yasiyolainishwa yakichanganywa, mbano hautalingana hata kalibu ikiwa moja.

Fataki. Ikae chini ya uso wa kitako kwa milimita 0.05 hadi 0.13, iguse sakafu ya tundu lake. Iliyo juu juu hupoteza sehemu ya pigo la pini kwa kujisogeza, na mlio unachelewa au kasi inashuka. Usibadilishe aina ya fataki bila kushusha baruti na kuanza upya.

Urefu wa ganda. Kikomo ni milimita 44.70 kwa .223, 48.77 kwa 6.5 Creedmoor, 51.18 kwa .308, kata ibaki pungufu ya hapo kwa milimita 0.25. Ganda lililopita kikomo linaingiza mdomo wake kwenye koo la chemba, linakamata kichwa, na shinikizo linapaa. Hili si la usahihi tu, ni la usalama.

Kuhusu 6mm BR: kwa usahihi ni nzuri sana, na kwa uchumi wa baruti, kati ya zile nne, inazidiwa na .223 peke yake. Karibu greni 30 za baruti, milio 514 kwa kilo, mzigo wa koo la mtutu kama miligramu 65 kwa kipimo cha MzaniWaGreni, yaani jirani na .223, na upepo wake unakaribia wa 6.5. Tatizo ni magazini. Ganda ni fupi nene, magazini za kawaida hazililishi vizuri bila kubadilishwa, na risasi za dukani ni chache. Kama utafyatua umelala, ukiingiza moja moja, ichukue bila kusita. Kama unataka kufyatua milio kumi kwa dakika mbili kutoka kwenye magazini, itakuchosha.

---

MzaniWaGreni alijibu:

Naongeza hapo kwa Tundu_Moja, kwa sababu umesema sehemu kubwa ni 100 hadi 600. Upande wa .308 naweza kuuacha. Unachookoa kwenye mtutu ni bei ya fataki moja na nusu kwa mlio, na unakilipa kwa upepo. .308 ina maana kwa aliye na bunduki yake tayari, au anayefyatulia mahali ambapo vichwa vya 6.5 havipatikani.

Kwa mtu anayeanza na pesa ya bunduki moja, ningechukua 6.5 Creedmoor, mtutu wa msokoto 1 kwa 8, maganda 200 ya fataki ndogo, vichwa 1,000 vya greni 140 vya toleo moja, baruti kilo 3 za toleo moja. Hizo kilo 3 ni milio 1,100 hivi, kwa hiyo vichwa vinaisha na baruti kidogo inabaki ya kujaribia. Tulitaja toleo moja mara nyingi kwa sababu toleo jipya la baruti linaweza kubadilisha kasi, na kila toleo unalobadilisha unarudia ngazi ile ya kutoka chini.

---

Upepo_wa_Ubavuni alijibu:

Mimi naweka tofauti moja. Kama milio mingi itakuwa chini ya mita 300, .223 ya msokoto 1 kwa 8 kwanza, kisha 6.5 baadaye. Kwa gharama ya milio 1,000 ya 6.5 anapata zaidi ya 1,350 ya .223, teke ni theluthi, na upepo wa mita 400 kwa kichwa cha greni 77 unamfundisha kusoma nyasi na mirage (mtetemo wa hewa ya joto) kwa haraka, kwa sababu kila kosa linaonekana. Ila kama mita 600 ndiyo kazi ya kila wiki, basi 6.5, nakubaliana na MzaniWaGreni.

---

GandaShaba alijibu:

La mwisho kwa anayeanza, kaliba yoyote. Chombo kimoja tu cha baruti mezani, kingine kibaki kabatini. Baada ya kumimina, panga maganda yote kwenye trei na upite na tochi, ulinganishe kimo cha baruti ganda kwa ganda kabla ya kupachika kichwa chochote. Ganda tupu lenye fataki linaweza kusukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na mlio utakaofuata unakutana nacho. Mlio ukisikika dhaifu, usifunge bolti tena: toa bolti, chungulia mtutu kutoka nyuma, uone mwanga upande wa pili ndipo uendelee. Na andika kwenye kila boksi: baruti na toleo lake, uzito, kichwa, fataki, ganda limejazwa mara ya ngapi, urefu wa risasi nzima. Boksi lisilo na maandishi livunjwe, usikisie kilichomo.

---

Tundu_Moja aliandika:

Nimeelewa wakuu. Mita 600 itakuwa kila wiki, kwa hiyo naenda 6.5, maganda ya fataki ndogo. Swali dogo: kichwa kikae mbali kiasi gani na mifereji?

---

Rejista_ya_Mlio alijibu:

Anza na milimita 0.5 nyuma ya mahali kichwa kinapogusa mifereji ya mtutu wako, ilimradi risasi bado inaingia kwenye magazini. Pima mguso huo kwa vichwa vitano vya boksi moja, uchukue wastani, kwa sababu ncha hazilingani. Tumia kifaa kinachopima kutoka kwenye bega la kichwa (pale kinapoanza kuchongoka), usipime kwenye ncha. Ukisogeza kichwa kikaribie kugusa mifereji, shinikizo linapanda, kwa hiyo shusha baruti kwanza. Na koo linakula taratibu, rudia kipimo hicho kila baada ya milio 300 hadi 500 uone limesogea kiasi gani. Namba hizo zikiandikwa, ndizo zitakazokuambia mapema kwamba mtutu unakaribia kuisha.